Nani Aliyeshika Ngao? Kuidurusu Ugiriki ya Awali na Vita Vyake

Mtahiniwa anayejiandaa kwa mtihani wa historia ya awali ya Ugiriki huanza, mara nyingi, kwa kuandika orodha ya miaka. 776 KK, michezo ya kwanza ya Olympia. 669 KK, Argos yaishinda Sparta pale Hysiae. 594 KK, Solon. 490 KK, Marathon. Orodha hiyo ina kazi yake, na ni lazima uijue. Lakini miaka ya mwanzo wa orodha haina uzito sawa na ile ya mwisho. Mwaka 776 ulipatikana baada ya wasomi wa karne za baadaye kuhesabu kurudi nyuma majina ya washindi wa Olympia. Vita vya Hysiae tunavijua kwa kuwa Pausanias, msafiri wa karne ya 2 baada ya Kristo, alionyeshwa makaburi na kusimuliwa habari za tukio lililopita zaidi ya miaka 800 kabla yake. Anayeikariri miaka hiyo bila kuuliza imetoka wapi atashindwa na swali la kwanza linalomtaka afikiri.

Lipo swali moja ambalo ukilishika vizuri, sehemu kubwa ya somo hujipanga yenyewe: je, namna Wagiriki walivyopigana ndiyo iliyoamua nani awe na sauti mjini, au wenye sauti mjini ndio walioamua nani apigane, na vipi? Nalifuata swali hilo hapa tangu majumba ya Mycenae hadi makasia ya Athens, na nasema mapema ninapoegemea. Naona mji ndio uliomtafuta askari, ukamhesabu na kumwandikisha, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko vitabu vya zamani vinavyodai.

Enzi ya Mycenae isikuchukulie siku nyingi. Ijue tu vya kutosha kuitofautisha na yaliyofuata. Mabamba ya udongo ya Pylos na Knossos, ambayo maandishi yake Michael Ventris aliyafumbua mwaka 1952, yanaonyesha makarani wakihesabu magari ya farasi, dirii na walinzi wa pwani. Vita vilikuwa shughuli ya jumba la mfalme: jumba liligawa silaha, na jumba liliandika nani amepewa nini. Dirii ya shaba nyeusi iliyofukuliwa Dendra mwaka 1960, ya karne ya 15 KK, ilimfaa bwana mkubwa mmoja, si umati wa wakulima. Karibu mwaka 1200 KK majumba yakateketea, na uandishi ukapotea pamoja nayo kwa karne kadhaa. Huko Lefkandi, kisiwani Euboea, karibu mwaka 950 KK, mtu mmoja alizikwa pamoja na mwanamke na farasi wanne ndani ya jengo lenye urefu wa mita 50 hivi. Mabwana wakubwa walikuwepo bado. Karani na ghala la silaha havikuwepo tena. Kwa karne nyingi baada ya hapo, Mgiriki aliyekwenda vitani alijinunulia silaha zake mwenyewe. Sentensi hiyo iandike juu kabisa ya daftari lako, kwa kuwa mabishano yote yanayofuata yanaizunguka.

Sasa tuje kwenye nadharia ya zamani, ambayo msahihishaji atataka aione imeelezwa kwa haki kabla hujaipinga. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, anasema kwamba baada ya wafalme, utawala wa kwanza wa Wagiriki ulikuwa mikononi mwa wapanda farasi, maana nguvu ya vita ilikuwa kwao. Miji ilipokua na wenye silaha nzito wakapata nguvu zaidi, watu wengi zaidi wakaingia katika utawala. Wanahistoria wa karne ya 20 waliichukua kauli hiyo, wakaipa mwili kwa kutazama ngao. Ngao mpya ya mviringo, yenye upana wa sentimita 90 hivi, ilikuwa na mishiko miwili: mkono wa kushoto ulipenya kwenye bangili iliyowekwa katikati mpaka karibu na kiwiko, na kiganja kikashika kamba iliyo ukingoni. Uzito wake, kama kilo 6 hadi 8, ukabebwa na mkono mzima. Ila nusu ya ngao ya namna hiyo hutokeza upande wa kushoto, ambako mwenyewe haimsaidii, na ubavu wake wa kulia hubaki wazi. Kwa hiyo, wanasema wenye nadharia hii, ngao ilimlazimisha mtu asimame katika safu, bega kwa bega, amkinge jirani wa kushoto naye akingwe na jirani wa kulia. Thucydides anaelekea kuwaunga mkono anapoeleza vita vya Mantinea vya mwaka 418 KK: majeshi husogea upande wa kulia yanapokaribiana, kwa sababu kila askari anaitafuta ngao ya jirani yake.

Safu hiyo, iitwayo falanksi, ilihitaji watu wengi kuliko makabaila waliokuwepo. Wakulima wa hali ya kati wakanunua ngao, chapeo na mkuki, wakawa mahopliti, yaani askari wa miguu wa silaha nzito. Walipoona kwamba mji unasimama kwa sababu yao, wakadai sehemu yao katika utawala. Wakawaunga mkono watu kama Cypselus, aliyewang'oa makabaila wa Korintho karibu mwaka 657 KK, na baadaye wakafunguliwa mlango na sheria za Solon na mageuzi ya Cleisthenes. Mwaka 1989 Victor Davis Hanson akaongeza nguvu kwenye picha hii: mkulima mdogo alipenda pambano moja la wazi, fupi na kali, safu ikisukumana na safu, ili mambo yaishe na yeye arudi kwenye mizabibu na mizeituni yake.

Ni maelezo yenye mantiki, na ndiyo maana yamedumu. Udhaifu wake uko kwa mashahidi. Aristotle aliandika karne ya 4 KK, zaidi ya miaka 300 baada ya mambo anayoyaeleza, na Thucydides alieleza vita vya zama zake mwenyewe. Mashahidi wa karne ya 8 na ya 7 KK ni wa aina tatu, makaburi, picha za vyombo na mashairi, na kila aina ina mipaka yake. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi wa kudurusu, kwa sababu maswali ya picha na ya dondoo hutoka hapa, na kwa sababu hapa ndipo hoja inaposhinda au kuanguka.

Anza na kaburi. Mwaka 1953 wanaakiolojia wa Kifaransa walifukua Argos kaburi la mwishoni mwa karne ya 8 KK lenye dirii ya shaba iliyofuliwa kwa umbo la kengele, pamoja na chapeo yenye shungi refu. Ushahidi huu unathibitisha kwamba vifaa vya chuma na shaba vilikuwepo mapema. Hausemi chochote kuhusu safu. Marehemu alizikwa kifahari. Alikuwa tajiri aliyeweza kumpa fundi kazi ya miezi. Anthony Snodgrass, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1965, alivipanga vifaa hivi kwa tarehe na kuonyesha kwamba dirii, chapeo ya Korintho, ngao yenye mishiko miwili na kinga za miundi viliingia kimoja kimoja katika muda wa miongo mingi, na kwamba mwanzoni watu waliovitumia walikuwa wale wale mabwana wa zamani. Kama hivyo ndivyo, hakuna siku ambayo ngao ilimgeuza mtu. Makala hiyo isome ikiwa utasoma moja tu.

Kisha gudulia la Chigi. Lilitengenezwa Korintho karibu mwaka 650 KK, likapatikana kwenye kaburi la Waetruska karibu na Veii, na leo limo katika jumba la makumbusho la Villa Giulia mjini Rome. Safu mbili za askari zinaelekeana, ngao zimepandana, na katikati kijana anapiga zumari ili miguu iende pamoja. Vitabu vingi huliweka kama uthibitisho wa mwisho wa falanksi. Tazama tena upande wa kushoto, ambako askari wengine wanavaa. Karibu nao imesimikwa mikuki miwili miwili yenye urefu tofauti, na kwenye mikuki hiyo kuna vitanzi vya kamba vya kurushia. Mtu anayerusha mkuki anahitaji nafasi ya kurudisha mkono nyuma, na anaanza vita akiwa mbali na adui. Hans van Wees ameisisitiza nukta hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2004, akahitimisha kwamba safu za karne ya 7 KK zilikuwa legevu, na kwamba falanksi iliyobanana haikukamilika mpaka karne ya 5 KK. Ukiletewa picha hii katika mtihani, ielezee yote, pamoja na vitanzi. Wengi huishia kwenye zumari.

Mashairi yanataka uangalifu zaidi. Iliad ina mapambano ya mtu na mtu, lakini pia ina vifungu ambamo askari wanakusanyika ngao kwa ngao, na Joachim Latacz mwaka 1977 alionyesha kwamba umati ndio unaobeba vita vya Homer kuliko tulivyozoea kusoma. Shairi hilo limehifadhi pia vitu vya kale mno, kama chapeo ya meno ya nguruwe mwitu, ambayo wanaakiolojia wameikuta katika makaburi ya enzi ya Mycenae. Kwa hiyo usilichukulie kama taarifa ya jeshi la karne moja mahususi. Tyrtaeus wa Sparta, aliyetunga wakati wa vita na Wamessenia katika karne ya 7 KK, anasifu watu wanaosimama imara karibu karibu. Shahidi huyo huyo anawatambua watu wa silaha nyepesi waliochanganyika na wenye ngao, kazi yao kurusha mawe. Katika falanksi ya Hanson hakuna nafasi ya mtu huyo. Katika shairi la mtu aliyekuwepo, yumo.

Hata uzito wa silaha una ubishi wake. Makadirio ya zamani yalifikisha vifaa vyote kilo 30. Peter Krentz ameyashusha sana. Jambo hili halihusu mizani pekee. Herodotus anasema Waathens walikimbia stadia 8, kama kilomita moja na nusu, kuwafikia Waajemi pale Marathon, na uamuzi wako kuhusu kilo ndio utakaoamua kama unamwamini.

Nikiwaweka mashahidi hawa pamoja naona hivi: katika karne ya 7 KK kulikuwa na watu wengi wenye ngao mpya, lakini walipigana kwa mitindo iliyochanganyika, na hatuna shahidi wa wakati ule anayesema kwamba walidai utawala kwa sababu ya ngao zao. Waliojinyakulia madaraka hawasaidii nadharia. Kuhusu Cypselus, Aristotle anasema hakuwa na walinzi wa kumzunguka, na wengine hulichukua neno hilo kama dalili kwamba wenye silaha walikuwa upande wake. Ni dalili, na ni nyembamba. Peisistratus wa Athens, ambaye habari zake tunazo kwa kirefu, alishika mji mara ya kwanza kwa watu wenye marungu, na mara ya mwisho, mwaka 546 KK, kwa fedha, marafiki wa miji mingine na askari wa kukodiwa. Wakulima wa Athens wenye ngao ndio walioshindwa siku hiyo pale Pallene.

Solon naye husomwa kwa haraka mno. Aliwagawa raia wa Athens katika madaraja manne kwa mavuno: vipimo 500, 300, 200, na chini ya hapo. Daraja la tatu, zeugitai, kwa muda mrefu lilichukuliwa kuwa ndilo la mahopliti, wakulima wa kati wenye jozi ya ng'ombe. Lin Foxhall na van Wees walipopiga hesabu ya ardhi inayohitajika kutoa vipimo 200, walikuta shamba kubwa kuliko la mkulima mdogo. Kama hesabu yao ni sahihi, basi wengi walioweza kumudu ngao na mkuki walikuwa katika daraja la nne, thetes, ambalo Solon hakulipa haki ya kushika vyeo. Ngao walikuwa nayo, na mlango ulibaki umefungwa. Jibu linalotumia hoja hii litaje pia udhaifu wake: vipimo hivyo tunavipata katika kitabu cha katiba ya Waathens kilichoandikwa karne ya 4 KK, ambacho kilifika kwetu kwenye mafunjo kutoka Misri na kuchapishwa mwaka 1891.

Misri inahusika kwa njia nyingine pia. Karibu mwaka 593 KK, Farao Psammetichus wa Pili alituma jeshi kusini kuingia Nubia, na ndani yake walikuwemo Wagiriki. Walipofika Abu Simbel walichonga majina yao kwenye mguu wa sanamu kubwa ya Ramses wa Pili, na bado yanasomeka. Hawa walikuwa mafundi wa vita wanaouza kazi yao kwa mfalme wa ugenini. Ndugu wa mshairi Alcaeus wa Lesbos naye alikwenda kuwapigania Wababeli. Ikiwa ngao ndiyo iliyomfundisha mtu uraia, hawa tuwaweke wapi?

Sparta ndipo nadharia inapokutana na tarakimu zake ngumu. Mji huu uliwageuza Wamessenia kuwa maheloti, wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana zao, na mavuno yao ndiyo yaliyowaachia Wasparta nafasi ya kufanya mazoezi na kula pamoja. Usawa wa Wasparta tunaousifu ulisimama juu ya migongo hiyo. Herodotus, akihesabu jeshi la Wagiriki lililowakabili Waajemi pale Plataea mwaka 479 KK, anataja Wasparta kamili 5,000, na kila mmoja akifuatana na maheloti 7, jumla 35,000. Kwa jeshi zima la Wagiriki anatoa mahopliti 38,700 na watu wa silaha nyepesi 69,500. Hata ukizipunguza tarakimu hizo kwa kiasi kikubwa, inabaki kwamba wenye ngao hawakuwa wengi uwanjani. Baada ya vita, anaendelea, Wasparta walichimba makaburi matatu, na moja lilikuwa la maheloti. Walikufa, wakazikwa kwa heshima ya aina fulani, na walionusurika wakarudi kulima mashamba ya wengine. Mwanahistoria aliyetupa habari hizi hakuona haja ya kueleza maheloti wale 35,000 walifanya nini siku ya vita. Ukimya huo unaniuma kila ninapourudia ukurasa ule, na mtahiniwa makini aueleze, kwa sababu umeshawishi vizazi vya wasomi kuiona falanksi peke yake.

Njoo sasa Athens ya mwaka 508 KK, ambako naona jibu linaanza kueleweka. Cleomenes, mfalme wa Sparta, alipoingia mjini na kundi dogo kumsaidia Isagoras, mpinzani wa Cleisthenes, watu wa Athens walimzingira kwenye ngome ya Acropolis, na siku ya tatu akakubali kuondoka. Hawakuwa wamepangwa na jemadari yeyote tunayemjua. Kisha Cleisthenes akaja na mpango wake: vitongoji 139, vikagawiwa katika makabila 10 mapya, kila kabila likichanganya watu wa mjini, wa pwani na wa bara. Kitongoji kilimwandikisha raia. Kabila likawa kikosi chake vitani. Miaka miwili baadaye Athens iliwapiga Waboeotia na watu wa Chalkis, na Herodotus anasema wazi kwamba Waathens waliokuwa hafifu chini ya mtawala wa mabavu wakawa bora walipokuwa huru. Angalia mfuatano: uandikishaji na kura vilitangulia, jeshi lenye nguvu likafuata. Shahidi huyu si wa mbali. Wazee aliowahoji walikuwa watoto wa waliokuwepo.

Marathon inaonyesha mpango huo ukifanya kazi. Makabila yalisimama kwa zamu yake, jemadari Callimachus upande wa kulia, washirika wao Waplataea kushoto, katikati pakiwa na safu chache. Waathens waliokufa walikuwa 192, wakazikwa chini ya kilima cha udongo ambacho bado kipo, na majina yao yakachongwa kwa makabila. Jiwe la kabila la Erechtheis limepatikana katika jumba la Herodes Atticus huko Loukou. Pausanias anataja kaburi la pili uwanjani hapo, la Waplataea na la watumwa waliopigana siku ile. Idadi ya 192 hujulikana na kila mwanafunzi. Idadi ya waliolala katika kaburi la pili Herodotus hakuiandika.

Hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa pili haitoki kwenye ngao kabisa, inatoka baharini. Mwaka 483 KK fedha ya machimbo ya Laurion iliwapa Waathens uwezo, na Themistocles akawashawishi wajenge merikebu za vita, zikafika 200. Kila moja ilitaka wapiga makasia 170, na kazi hiyo ilifanywa na fukara wasioweza kununua dirii. Ushindi wa Salamis wa mwaka 480 KK dhidi ya Waajemi ulipatikana kwa mikono yao. Katika karne hiyo hiyo ya 5 KK, mwandishi mmoja asiyejulikana jina, adui wa demokrasia, alikiri kwamba ni haki fukara wa Athens wawe na zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaoziendesha merikebu na kuupa mji nguvu. Huyu ni shahidi wa wakati ule akisema kile ambacho kuhusu mahopliti wa karne ya 7 KK hakisemwi na yeyote aliyekuwepo. Anayeitetea nadharia ya Aristotle aanzie kwake.

Halafu amsikilize na shahidi mwingine. Athens limepatikana jiwe la karibu na mwisho wa karne ya 5 KK lenye orodha za waliohudumu kwenye merikebu: maofisa, askari wa sitahani, raia wapiga makasia, na watumwa, kila mtumwa akiandikwa pamoja na jina la bwana wake. Waliketi chombo kimoja na kuvuta kwa mwendo mmoja. Merikebu iliporudi Piraeus, raia fukara alikuwa na kura yake kwenye mkutano wa Pnyx kwa sababu kitongoji kilikuwa kimekwisha kumwandika, na mtumwa aliyevuta kasia kando yake alirudi nyumbani kwa bwana.